Bei ya Hedifoni na Kichwa cha Mvaaji

Tangu kazi nyingi za sauti zihamie majumbani, swali ninaloulizwa kuliko yote si la maikrofoni wala la programu ya kuhariria. Wanaorekodi vipindi chumbani, wanaonukuu mahojiano kwa malipo, wanaotia filamu sauti za Kiswahili, wote wanataka kujua wanunue hedifoni gani iliyofungwa, ile inayoziba sikio isivujishe sauti kwenye maikrofoni wala kumwamsha aliyelala kitanda cha pili. Wengi wameshapata jibu kabla ya kuuliza. Wameona bei, wameona picha, wamesoma kwamba sauti yake haina mfano, na kwangu wanachotaka ni baraka tu. Swali lao limenirudisha kwenye miaka niliyoishi kwa kuhariri sauti, kichwa kikiwa kimebanwa tangu asubuhi hadi magharibi, na kwenye jambo moja ambalo miaka ile ilinithibitishia na ambalo matangazo hayaligusi. Kwa hedifoni iliyofungwa, namna inavyokaa kichwani ni sehemu ya sauti yenyewe. Anayepima starehe peke yake na sauti peke yake, kisha akajumlisha, anapima kitu kimoja mara mbili na kukosea mara zote mbili.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Ndani ya kila kikombe kuna kiwambo chembamba kinachotikisika, na kati ya kiwambo hicho na ngoma ya sikio kuna hewa kidogo iliyofungiwa. Sauti za juu, kama filimbi au mvumo wa herufi “s” ya mtangazaji, hupita bila taabu hata pakiwa na upenyo. Besi haipiti hivyo. Mtikisiko wake ni wa polepole, na hewa ikipata pa kutorokea hutoroka kabla ya kufanya kazi. Upenyo unaoachwa na mkono wa miwani unatosha kupunguza besi kiasi cha sikio lolote kutambua. Kulijaribu hili hakuhitaji maabara. Piga mlio mmoja wa chini, wa hezi 40 au 50, kisha kandamiza vikombe taratibu kwa viganja. Mlio ukipanda sana, ujue ulikuwa unavuja. Halafu fumbua kinywa, tafuna hewa, geuza shingo kulia na kushoto. Hedifoni iliyokukaa itashika besi yake. Isiyokukaa, besi itayumba kila taya linapocheza. Sijui tathmini ya bei ghali inayoweza kumfaa mnunuzi kuliko dakika mbili za jaribio hilo, na ni ajabu kwamba wauzaji wengi hawalijui.

Miaka ya mwanzo ya kazi ile ilikuwa ya hedifoni ndogo za redio, zile ambazo mto wake hukalia sikio lenyewe badala ya kulizunguka. Kwa msomaji wa taarifa fupi ya habari hazina ubaya: ni nyepesi, na zinavalika na kuvulika upesi. Kwa mhariri wa siku nzima ni habari nyingine. Gegedu la sikio halina nyama ya kupokea mbano, na likikandamizwa kati ya mto na mfupa, huku mkono wa miwani ukiwa katikati, linawaka moto. Mvaaji hafanyi uamuzi wa kuvumilia au kuvua. Anachofanya ni kuisogeza. Anaisogeza nyuma kidogo, kisha juu, kisha analegeza upande mmoja. Kila akiisogeza, besi inabadilika bila yeye kujua, na kwa kuwa anaisikia imepungua, anaiongeza kwenye mashine. Kipindi kikifika kwenye spika za daladala kinanguruma, na lawama inakwenda kwa fundi mitambo. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba maumivu ya sikio ni suala la uvumilivu wa mfanyakazi. Maumivu yanaingia kwenye kazi yenyewe na kusikika na watu ambao hawajawahi kuiona hedifoni hiyo.

Zilipofuata zile kubwa zinazolizunguka sikio lote, nafuu ilikuwa dhahiri, na bei yake bado ilikuwa ya mtu wa kawaida wa studio. MDR-7506 ya Sony, iliyotoka mwaka 1991, ina gramu 230 hivi bila waya. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kampuni ya Kijerumani iliyoanzia Berlin mwaka 1924, ina gramu 270, na mito yake ni ya kitambaa cha mahameli ambayo mvaaji huibandua na kubandika mingine bila kuhitaji bisibisi. Hizi ndizo hedifoni ambazo studio nyingi duniani zimezizoea. Ukitaka kujua fedha nyingi zaidi hununua nini, hapo ndipo pa kuanzia kulinganisha.

Na jibu la kwanza la fedha nyingi ni uzito. Stellia ya Focal, kampuni ya Ufaransa, ilitoka mwaka 2019 ikiuzwa takriban dola 3,000, na ina gramu 435. Stealth ya Dan Clark Audio ya Marekani, ya mwaka 2021 na dola 4,000, ina gramu 415. MDR-Z1R ya Sony ina 385, AH-D9200 ya Denon yenye vikombe vya mwanzi wa Kijapani ina 375, HD 820 ya Sennheiser, ile yenye vioo nyuma ya vikombe, ina 360. LCD-XC ya Audeze inapita gramu 600. Hata upande wa zisizo na waya, AirPods Max ya Apple iliyoingia sokoni mwaka 2020 ina karibu gramu 385, ilhali WH-1000XM5 ya Sony, ya bei ndogo zaidi, ina gramu 250 tu. Uzito huo haukuja kwa uzembe. Kiwambo kikubwa kinahitaji sumaku kubwa, kikombe kisichovuma kinahitaji alumini, mbao nene au kioo, na mnunuzi aliyetoa dola 3,000 hapendi kushika plastiki. Kila hatua inayofanywa kwa ajili ya sauti, na kila hatua inayofanywa kwa ajili ya mkono wa mnunuzi pale dukani, shingo ndiyo inayoilipia. Kwa hiyo dhana kwamba hedifoni ghali ni ya starehe zaidi kwa sababu ni ghali haina msingi. Mara nyingi mtengenezaji anaanza akiwa na deni la uzito, na ngozi laini ya kondoo ni malipo ya kwanza tu ya deni hilo.

Uzito peke yake hata hivyo hausemi yote, na hapa ndipo baadhi ya hizo ghali zinapoanza kustahili bei yake. Gramu 435 zikitua utosini kwenye eneo la upana wa vidole viwili, baada ya saa moja utajua mfupa wa utosi uko wapi. Gramu hizo hizo zikisambazwa kwenye ukanda mpana wa ngozi unaoning’inia chini ya upinde wa chuma na kujikunja kufuata umbo la kichwa, unaweza kuzisahau. Wazo la ukanda wa kuning’inia ni la zamani. AKG ya Austria ililitumia kwenye hedifoni za studio za bei ya wastani miaka mingi kabla ya wale wa dola elfu kulichukua. Dan Clark Audio wameunganisha ukanda wa namna hiyo na nyaya za nitinoli, aloi ya nikeli na titani ambayo ukiikunja hurudi ilivyokuwa, ili upinde ubane kwa upole bila kulegea na miaka. Na Beyerdynamic hao hao, walipotoa toleo la maadhimisho ya miaka 100 la DT 770 mwaka 2024, waliacha pengo kwenye mto wa upinde, mahali hasa utosi unapogusa. Umbo la msingi lilikuwa sokoni tangu miaka ya 1980. Vichwa vililalamika muda wote huo, na dawa ikawa kuondoa kipande cha sponji.

Sehemu ya pili ni mbano. Hedifoni iliyofungwa lazima ibane, la sivyo haizibi. Ikibana mno inaumiza panja na taya. Watengenezaji wachache, Beyerdynamic mmojawapo, huandika nguvu ya mbano kwa nyutoni kwenye karatasi ya maelezo. Wengi hukaa kimya na kuandika neno “starehe”. Lakini hata nyutoni hazitoshi bila kujua kuna nini kati ya mto na kichwa. Watathmini wa Ulaya na Marekani huzungumzia miwani, na wanafanya vyema, kwani mkono mnene wa plastiki huinua mto na kuacha njia ya hewa mbele na nyuma ya sikio, wakati fremu ya waya mwembamba huzama kwenye sponji na kuzibwa. Huku kwetu orodha ni ndefu zaidi. Msichana mwenye rasta au misuko minene ana vilima na mabonde hapo mto unapotaka kukaa, na ukanda unateleza juu ya nywele. Mwenye hijabu ana kitambaa kinachopitisha hewa kuzunguka kikombe chote, na pini moja iliyokaa vibaya inageuka msumari. Mwenye kofia ya vito anaivua, au anaisukuma nyuma hadi ionekane kama imemkosea. Hawa wote wakisoma kwamba hedifoni fulani “ina besi nzito na inakaa vizuri kichwani”, wamesoma habari za kichwa cha mtu mwingine. Maandishi yale si ya uongo. Yanahusu kichwa kingine tu.

Masikio nayo hayalingani. Mwaka 1995 daktari wa Uingereza, James Heathcote, alichapisha katika jarida la BMJ vipimo vya masikio ya watu 206 wa umri wa miaka 30 na zaidi, akaonyesha kwamba sikio hurefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Jambo hilo linachekesha hadi umri ukusogelee. Mtu aliyenunua hedifoni akiwa na miaka 30 atakuwa, akifika 60, na sikio refu kwa zaidi ya nusu sentimita, na tundu la mto lililomtosha litaanza kumgusa ndewe. Ni kugusa huko kudogo ndiko kunakochosha: ncha ya sikio ikikaa juu ya kitambaa kinachofunika kiwambo, au ndewe ikikunjwa na ukingo, mwanzoni husikii kitu, na baada ya saa moja husikii kingine chochote. Kwa hiyo kina cha mto na ukubwa wa tundu lake vina maana kuliko ulaini wa ngozi. Ngozi laini kwenye tundu finyu ni udanganyifu wa dakika tano za dukani.

Kuna pia jambo ambalo wahandisi wa nchi za baridi hawalipi uzito linalostahili, nalo ni joto. Hedifoni iliyofungwa ni mfuniko juu ya ngozi hai. Kwenye chumba cha kurekodia cha Dar es Salaam au Mombasa, Februari, feni imezimwa isiingie kwenye maikrofoni, mto wa ngozi hufanya duara la jasho kuzunguka sikio kabla hujamaliza kuhariri utangulizi. Ngozi, iwe ya kweli au bandia, huziba vizuri na kulinda besi. Mahameli hupumua na kunyonya jasho, lakini huvujisha hewa na besi kupungua. Hakuna anayepata vyote viwili. Na ngozi bandia ya poliyurethani ina adui yake maalumu, unyevu wenye joto, ambao huvunjavunja kemikali zake polepole hata hedifoni ikiwa imelala kabatini. Watu wa pwani wanajua mwisho wake: vipande vyeusi vinavyobanduka na kubaki shingoni na kwenye kola kama makapi ya chai. Mto uliobanduka hauzibi tena, na sponji iliyobonyea huleta sikio karibu na kiwambo, hivyo sauti uliyoilipia miaka miwili nyuma sasa ni nyingine. Kwa hesabu hiyo mito ni kifaa cha kuisha, kama tairi, na hedifoni ya dola 3,000 isiyopatikana mito yake ina umri wa mito yake.

Najua pingamizi la kwanza: starehe ni ya mtu na mtu, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha, kila mtu avae anachopenda. Nusu yake nakubali. Matokeo ni ya mtu na mtu, lakini visababishi vinapimika: gramu, nyutoni, kina cha mto, upana wa tundu, eneo ambalo ukanda unagusa. Viatu navyo ni vya mtu na mtu, na bado hakuna anayeuza viatu bila namba. Kinachokosekana kwenye hedifoni ghali ni hiyo namba, na hakitapatikana iwapo wanunuzi wataendelea kuambiwa kwamba malalamiko yao ni hisia tu.

Pingamizi la pili hutoka kwa wakongwe wa studio: utazoea. Husema pia upinde hulegea wenyewe ukiufungua na kuuvalisha rundo la vitabu usiku kucha. Upinde wa chuma hulegea kweli, na nimeona nyingi zikilegezwa hivyo. Ila kumbuka tulipoanzia. Mbano ndio unaoziba; ukiulegeza ovyo unabadilisha sauti uliyochagua, na wa upande mmoja ukilegea kuliko wa pili, besi inahamia upande mmoja wa kichwa. Kuhusu mwili kuzoea, mwili huzoea kwa njia zake. Huzoea kwa kuvua hedifoni mara kwa mara, kwa kuharakisha kazi, na kwa kuongeza sauti ili maumivu yasisikike. Mazoea ya namna hiyo yana gharama. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika kiwango chao cha mwaka 2019 cha usikilizaji salama, waliweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Saa 40 ni wiki ya kawaida ya mhariri. Hedifoni inayoziba vizuri humruhusu mtu kusikiliza kwa sauti ya chini kwa sababu kelele za barabarani zimebaki nje. Inayovuja humlazimisha apandishe, na kikomo kinafika mapema.

La tatu ni zito zaidi na linastahili heshima. Wanaolitoa hudai kwamba hedifoni za kisasa zisizo na waya zina maikrofoni ndani ya kikombe, zinasikia besi inavyovuja na kuirekebisha zenyewe, hivyo suala la kuziba limepitwa na wakati. Ni kweli kwa kiasi. AirPods Max hufanya hivyo, na nyingine za kuondoa kelele hufanya kazi inayofanana, na mwenye miwani hunufaika. Kwa abiria wa ndege au msikilizaji wa muziki sebuleni, hoja hiyo inaweza kutosha. Lakini elektroniki inaongeza betri, betri inaongeza gramu, na hakuna programu inayopunguza uzito utosini au jasho sikioni. Zaidi ya hapo, Stellia, Stealth, HD 820 na wenzao ni za waya, hazina maikrofoni wala ubongo. Kwao mto na mbano ndio urekebishaji pekee uliopo.

Na la mwisho, ambalo huulizwa kwa uso mkali: mazungumzo ya hedifoni za dola 3,000 yanamhusu nani katika nchi ambayo fedha hizo ni mishahara ya miezi mingi ya mwalimu? Yanamhusu yeyote anayenunua ya bei yoyote, kwa sababu zile ghali ndizo ushahidi bora kwamba fedha haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Kama gramu 435 za alumini na ngozi safi zinaweza kumshinda mvaaji wa miwani minene, basi mwenye laki tatu za kutumia Kariakoo ana haki ile ile ya kujaribu kabla ya kulipa, na sababu zile zile za kukataa.

Kwa kazi ya siku nzima kwenye joto letu, mimi ningeweka fedha kwenye hedifoni isiyozidi gramu 300, yenye tundu pana na mito inayobadilishika kwa mkono, nikanunua jozi mbili za akiba, moja ya ngozi na moja ya mahameli. Kati ya zile kubwa, HD 820 na AH-D9200 zina faida ya wepesi, na Stealth ina faida ya ukanda. LCD-XC namwachia mwenye kiti cha kuegemeza kichwa. Ukienda dukani, nenda na miwani yako, nywele zako kama zilivyo siku za kazi, hijabu au kofia yako. Omba kukaa nayo saa nzima, na uchukue mlio wa hezi 40 kwenye simu. Kisha uliza bei ya mito ya akiba na inachukua muda gani kufika. Muuzaji akishindwa kujibu hilo la mwisho, rudisha boksi kaunta.